Kimiminika Kimegeuka Wino: Matatizo ya Vimiminika Vizito vya Tangsteti na Namna ya Kuyatatua

"Mwalimu, njoo uone. Dawa imegeuka wino."

Aliyeniita ni kijana wa mafunzo kutoka Arua, siku yake ya tatu katika maabara ya Kampala nilikokuwa nikifanya kazi. Nilimkuta amesimama mbele ya faneli ya kutenganishia, mikono nyuma, kama mtu anayengoja hukumu. Ndani ya faneli mlikuwa na karibu lita moja ya politangsteti ya sodiamu, chumvi ya tangsteni iliyoyeyushwa kwenye maji ikawa kimiminika kizito cha kutenganishia madini. Asubuhi ilikuwa angavu, na umanjano wa mbali kama mafuta ya alizeti. Sasa ilikuwa bluu iliyokolea, chembe za mchanga hazionekani tena.

"Nisamehe, Mwalimu. Sikuongeza kitu chochote."

"Najua, mwanangu. Kilichoingia umekileta na mchanga."

Nilichukua sumaku, nikaifunga kwa karatasi, nikaipitisha juu ya sampuli iliyobaki kwenye sahani. Ikatoka na vipande vyembamba vya chuma vinavyong'aa, vingine virefu kama ukucha wa mtoto. Meno ya mashine ya kusagia mawe yalikuwa yameanza kulika, na kila jiwe lililopita pale liliondoka na chuma kidogo. Tulichuja, tukaweka matone machache ya haidrojeni peroksaidi, tukakoroga taratibu. Bluu ikafifia hadi ikaondoka. Kijana akaniangalia kama nimemfufulia mtu.

Tangu siku hiyo nimekutana na matatizo mengi ya vimiminika hivi, na karibu yote yana mzizi mmoja: tumebadilisha kimiminika, hatukubadilisha mazoea. Bromofomu, kimiminika tulichotumia zamani, ilikuwa na sumu, lakini haikujali umetumia maji gani wala mchanga wako umeoshwa au la. Tangsteti haina mvuke wa kukudhuru, ila inajali kila kinachoingia ndani yake. Anayelielewa hili atatatua shida nyingi kabla hazijatokea.

Kwa nini tuliacha vile vya zamani

Kwa kifupi, maana wengi wenu mnajua. Ukitaka kutenganisha madini mazito (ganeti, zirkoni, ilmeniti, koltani) na kwatsi na feldispa, unahitaji kimiminika ambacho kwatsi inaelea na zirkoni inazama. Kwatsi ina msongamano wa gramu 2.65 kwa sentimita moja ya ujazo, zirkoni karibu 4.6. Kwa miongo mingi kazi hiyo ilifanywa na bromofomu (2.89), tetrabromoethani (2.96) na diayodomethani (3.32). Palipohitajika uzito zaidi, watu walitumia mchanganyiko wa Clerici, wenye chumvi za thaliamu, unaofika zaidi ya 4.

Bromofomu na tetrabromoethani hudhuru ini, na mvuke wake ni mzito, unatuama chini mezani usawa wa pua ya mtu aliyeinama. Thaliamu hupenya ngozini, hung'oa nywele na kuharibu neva, na kiasi kidogo kinatosha kuua. Katika miaka ya 1980 chumvi za tangsteni zilianza kushika nafasi yao: politangsteti ya sodiamu, kisha metatangsteti ya lithiamu na nyingine za jamii hiyo ya lithiamu. Zote huyeyuka kwenye maji. Ya sodiamu hufika karibu 3.1 kwa joto la kawaida. Za lithiamu hukaa karibu 2.9 hadi 3.0 na mnato wake (ule ugumu wa kutiririka) ni mdogo zaidi.

Ni salama zaidi, lakini si maji ya kunywa. Politangsteti ya sodiamu huunguza macho vibaya na ikimezwa inadhuru. Miwani ya maabara na glavu zinabaki pale pale. Anayezivua kwa sababu "hii ni ile salama" anajidanganya.

Kimiminika kimegeuka bluu au kijani cha bluu

Chanzo ni metali. Chuma, zinki, aluminiamu, risasi: vyote huipa tangsteni elektroni na rangi ya bluu huzuka. Sizungumzii kutu. Sampuli nyekundu ya murramu imejaa oksaidi ya chuma na haitageuza rangi, kwa sababu chuma chake kimeshaoksidishwa. Kinachogeuza ni chuma chenyewe, kinachong'aa.

Basi tafuta chuma kimeingilia wapi. Mashine ya kusagia ndiyo mshukiwa wa kwanza. Wa pili ni chekeche la shaba nyeusi lililochakaa, ambalo nyuzi zake hukatika. Kisha kijiko cha aluminiamu kilichotolewa jikoni, mfuniko wa bati wa chupa ya jamu, na beseni la mabati lililotumika kuoshea mchanga, kwa kuwa mabati yamepakwa zinki. Vyombo vya kioo, plastiki na chuma kisichoshika kutu havina shida.

Fuata utaratibu huu na usiupindue. Ondoa metali kwanza, kwa kuchuja kupitia karatasi ya chujio, kisha ndipo utie peroksaidi. Ukianza na peroksaidi huku vipande vya chuma bado vimo, rangi itaondoka mchana na kurudi asubuhi, na utadhani dawa imekufa. Tia tone moja moja huku ukikoroga, ungoje dakika kadhaa kati ya tone na tone. Peroksaidi ya duka la dawa, ile ya kusafishia vidonda, hufanya kazi ukikwama, lakini mara nyingi ina vihifadhi, na mimi napendelea ya maabara. Ile ya asilimia 30 huunguza ngozi papo hapo, basi ishike kwa heshima.

Bluu yenyewe haibadilishi msongamano kwa kiasi cha kukuharibia kazi. Ukiwa katikati ya utenganishaji na bado unaona mpaka kati ya vilivyoelea na vilivyozama, maliza kwanza, safisha baadaye.

Kinga yake ni ile sumaku ya mkononi. Ifunge kwa karatasi au mfuko wa nailoni ili uweze kuiachisha, ipitishe mara tatu juu ya mchanga mkavu uliotandazwa. Utaondoa chuma cha mashine pamoja na magnetiti, na kwa sampuli za Sukulu kule Tororo, zenye magnetiti tele, utakuwa umepunguza mzigo wa faneli kwa kiasi kikubwa.

Kimepata ukungu mweupe, au kuna unga mweupe chini

Hili ndilo linalogharimu fedha nyingi zaidi, kwa sababu bluu unaweza kuirudisha ila hiki ulichopoteza kimepotea. Kalsiamu ikikutana na tangsteti hutengeneza tangsteti ya kalsiamu, isiyoyeyuka. Kila gramu ya unga huo mweupe ni tangsteni uliyoilipia kwa dola na ambayo haitarudi kwenye chupa.

Kalsiamu inatoka wapi? Kwanza, kwenye maji. Maji ya bomba yana kalsiamu, na ya kisima cha kuchimbwa mara nyingi yana zaidi. Tumia maji yaliyokenekwa au yaliyoondolewa ioni, kwa kila hatua: kupunguza msongamano, kuoshea chembe, hata kusuuza bika kwa mara ya mwisho. Nimeona watu makini kabisa wakitumia maji safi kuchanganyia, halafu wakasuuza mchanga kwa bomba "ili kuokoa maji ghali", kisha wakayarudisha maji hayo ya suuzo kwenye chombo cha kukaushia. Ukungu ukaanzia hapo. Wanaonunua maji ya betri kwenye vituo vya mafuta, soma chupa vizuri: kuna maji ya kuongezea na kuna asidi, na zote husimama rafu moja.

Pili, kwenye sampuli yenyewe. Nchi yetu ina mawe ya kalsiti mengi. Majivu ya volkano ya Fort Portal yameshikanishwa na kalsiti. Mawe ya Sukulu asili yake ni kabonatiti, mwamba wa moto wenye kabonati tele. Marumaru ya Moroto nayo yana kalsiti. Politangsteti ya sodiamu ni asidi kidogo, pH yake karibu 3, kwa hiyo kalsiti ikiingia humo huanza kuyeyuka. Ukitazama kwa karibu utaona viputo vidogo vikipanda kutoka kwenye chembe, na kila kiputo ni alama ya kalsiamu inayoingia kwenye dawa yako.

Sampuli ya namna hii isiguse kimiminika kabla ya kuondolewa kalsiti. Tone moja la asidi hidrokloriki nyepesi juu ya mchanga litakuambia: ukichemka, kuna kalsiti. Kama unachotafuta ni zirkoni, ilmeniti au kwatsi, iloweke sampuli kwenye asidi hiyo nyepesi hadi viputo viishe, kisha osha sana kwa maji yaliyokenekwa. Lakini kama unatafuta apatiti (madini ya fosfati), kama watu wengi wa Sukulu wanavyofanya, usitumie hidrokloriki, maana inayeyusha apatiti pia. Tumia asidi ya siki iliyopunguzwa. Inachukua muda, pengine siku nzima na kubadilisha asidi mara mbili tatu, ila apatiti yako itabaki.

Tatu ni udongo wa mfinyanzi. Vipande vyake vyembamba hubeba kalsiamu na magneziamu juu yake, tena hutia tope kimiminika kizima. Osha sampuli kwenye chekeche la mikroni 63 (mikroni ni sehemu moja ya elfu ya milimita) hadi maji yatoke safi, kausha, ndipo uendelee. Mchanga wa Lwera, kando ya Ziwa Viktoria, hauhitaji kazi kubwa hapa. Udongo wa kinamasi unahitaji uvumilivu.

Ukungu ukishatokea, acha kimiminika kitulie usiku kucha, kisha chuja kupitia karatasi nzito ya chujio, mara mbili ikibidi. Kipunguze kwanza kwa maji yaliyokenekwa hadi karibu 2, kwa sababu kikiwa kizito hakipiti kwenye karatasi. Kisha kivukishe kirudi.

Na jambo moja dogo: wapo wanaojaribu msongamano kwa kudondosha vipande vya madini vinavyojulikana, njia nzuri kabisa. Kwatsi safi inafaa. Kalsiti, ingawa msongamano wake wa 2.71 ni rahisi kukumbuka, usiidondoshe humu. Flurspa vilevile, ina kalsiamu.

Kimekuwa cha kahawia kama chai

Mabaki ya mimea. Sampuli za mabwawa ya mafunjo ndizo zinazoleta hili. Hakiharibu utenganishaji, ila kinaficha mpaka usiuone. Kipunguze, kipitishe kwenye kaboni tendaji ya maabara, uchuje. Usitumie makaa ya jikoni yaliyopondwa, hata kama ni meusi vilevile. Majivu yake yamejaa kalsiamu, na utakuwa umeondoa chai ukaleta maziwa.

Vyepesi vinazama, au vizito vinaelea

Watu hukimbilia kulaumu kimiminika. Mimi huanza na kipimo.

Msongamano haupimwi kwa macho. Pima chupa ya ujazo ya mililita 25 ikiwa tupu na kavu, ijaze hadi alama, pima tena, kisha toa uzito wa chupa. Gramu 71.2 kugawa kwa 25 ni 2.85. Usitumie pipeti ya kuchotea: kimiminika kinanata ndani ya pipeti, unachomimina ni pungufu ya unachodhani, na jibu lako litakuwa dogo kuliko ukweli. Ukifuata jibu hilo utaendelea kuvukisha hadi dawa ianze kufanya fuwele. Pima kwa joto lile lile utakalofanyia kazi. Kilichopimwa kikiwa moto kutoka jikoni la maabara si sawa na kile kitakachokaa kwenye faneli saa mbili baadaye.

Kama kimezidi, punguza kwa hesabu, usikisie. Zidisha ujazo ulio nao kwa tofauti ya msongamano wa sasa na ule unaotaka, kisha gawa kwa ule unaotaka kutoa moja. Una mililita 500 za 2.95 na unataka 2.80: 500 mara 0.15 ni 75, gawa kwa 1.80, unapata karibu mililita 42 za maji. Tia 30 kwanza, koroga vizuri, pima, ndipo umalizie. Maji ni mepesi sana mbele ya kimiminika hiki, yanakaa juu kama mafuta kwenye supu, kwa hiyo usipokoroga hadi mistari ya mawimbi iishe utakuwa na tabaka mbili kwenye faneli moja, na chembe zitaning'inia katikati bila kujua ziende wapi.

Kipimo kikiwa sahihi, sasa tazama chembe kwa hadubini. Mara nyingi utakuta kwatsi iliyozama si kwatsi tupu. Chembe ya kwatsi yenye ilmeniti ndani yake, sehemu moja kati ya kumi tu ya ujazo, ina msongamano wa karibu 2.86. Hiyo imeshavuka mstari wako wa 2.85. Mawe ya Karamoja ya kale, yaliyopikwa na kukunjwa ardhini, yana chembe nyingi za aina hii. Dawa yake ni kusaga zaidi hadi madini yaachane, kisha kuchekecha upya. Maganda ya kutu nayo hufanya hivyo hivyo: kwatsi iliyovikwa koti la murramu huzama, na isiyovikwa huelea, ingawa zote ni kwatsi.

Kwa upande wa pili, vizito vinavyoelea mara nyingi vimeshikwa na hewa. Chembe kavu na ndogo hubaki juu ya uso kwa sababu uso wa kimiminika unazishika, na viputo hung'ang'ania kwenye nyufa. Koroga kwa kijiti cha kioo, subiri, koroga tena. Ukiwa na pampu ya kuvuta hewa, dakika chache za kuvuta hewa kwenye chombo kilichofungwa vizuri zitatoa viputo. Usizilowanishe kwa maji kwanza. Zitazama, ndiyo, lakini kila chembe itakuwa imebeba koti la maji na utashusha msongamano bila kujua.

Mika ni mada yake peke yake. Ni bapa, huelea kama jani, na bayotiti ina msongamano wowote kati ya 2.8 na 3.3 kutegemea chuma kilichomo, kwa hiyo hata ikitulia hujui itaangukia wapi. Mimi huiondoa kabla: tandaza mchanga kwenye karatasi nzito, inamisha, gonga taratibu kwa kidole. Chembe za mviringo hubingirika, mika hubaki karatasini. Bibi zetu wanaopepeta mpunga kwa ungo wanajua kazi inayofanana na hiyo.

Kutenganisha kunachukua siku nzima

Hapa tangsteti inawashinda waliozoea bromofomu. Mnato wa bromofomu ni kama mara mbili ya maji. Politangsteti ya sodiamu ya 2.85 inazidi mara kumi, na kutoka hapo kila hatua ndogo ya kuongeza msongamano inaongeza mnato kwa kasi. Kwa 3.0 ni kama unafanya kazi kwenye asali.

Chukulia mnato wa mara 15 ya maji. Chembe ya zirkoni ya mikroni 63 itashuka sentimita 15 kwa kama dakika kumi. Punguza kipenyo chake kwa nusu, muda unakuwa mara nne. Chembe ya mikroni 16 itahitaji zaidi ya saa mbili na nusu kwa safari hiyo hiyo. Na kuna jambo ambalo wengi hawalifikirii: kwatsi inapanda polepole zaidi kuliko zirkoni inavyoshuka, kwa sababu tofauti yake na kimiminika ni 0.20 tu. Kwatsi ya mikroni 63 iliyokorogewa chini itahitaji saa moja na nusu kurudi juu. Ukifungua koki ya chini ya faneli baada ya dakika kumi kwa kuwa umeona vizito vimetua, utachota kwatsi pamoja navyo. Kisha utaandika kwamba kimiminika hakitenganishi.

Basi: chekecha sampuli kwa makundi ya ukubwa, usichanganye chembe za mikroni 250 na za 40. Tumia msongamano mdogo unaotosha. Kama unatenganisha kwatsi na zirkoni huhitaji 2.95, 2.75 inatosha na zirkoni hushuka haraka zaidi, ila kwatsi uipe muda wake. Usijaze mchanga: kijiko kimoja au viwili kwa faneli ya mililita 500. Chembe zikirundikana, vyepesi hunasa chini ya vizito. Pasha kimiminika hadi nyuzi 40 hivi, mnato unashuka waziwazi. Na kama bajeti inaruhusu, kwa chembe ndogo hamia kwenye tangsteti ya lithiamu.

Chini ya mikroni 63 achana na faneli, nenda kwenye sentrifuji, mashine inayozungusha mirija kwa kasi. Dakika 15 hadi 20 zinatosha mara nyingi. Shida inakuja baadaye: namna ya kutoa vilivyoelea bila kutikisa vilivyozama. Maabara zenye nitrojeni ya maji huchovya ncha ya mrija, sehemu ya chini ikaganda, wakamimina ya juu. Watu wa kupandisha ng'ombe kwa mrija hubeba nitrojeni hiyo kwenye mitungi yao, kwa hiyo si kitu cha kigeni hapa. Usipoipata, tumia mrija laini wa silikoni uliosimamishwa, vibanio viwili: kimoja chini kabisa, kingine unakibana katikati baada ya kutulia. Kibano cha katikati kinafanya kazi ya barafu.

Fuwele kwenye koki, ukoko juu ya uso

Maji yametoroka. Msimu wa kiangazi, kati ya Desemba na Februari, bika iliyoachwa wazi usiku mmoja asubuhi ina ukoko. Funika faneli kwa kioo cha saa au filamu ya plastiki. Koki iliyoganda usiilazimishe kwa koleo. Kioo hupasuka na lita nzima ikaenda sakafuni. Izungushie kitambaa kilicholoweshwa maji ya moto yaliyokenekwa, subiri robo saa, itaachia. Koki za plastiki ngumu ya tefloni hazihitaji grisi, na grisi yenyewe huchafua dawa.

Wakati wa kuvukisha, politangsteti ya sodiamu isipite nyuzi 70 au hapo, na isikauke kabisa. Ikikauka kwa joto kubwa hupoteza maji ya ndani ya fuwele zake na haiyeyuki vizuri tena. Umeme unapokatika na kurudi usiku, oveni nyingine huanza upya kwa joto lao la juu, basi usiache kazi hii kulala bila mtu. Za lithiamu huvumilia joto zaidi.

Dawa inapungua kila wiki

Lita moja ya 2.85 ina zaidi ya kilo mbili za chumvi. Mililita tano zinazobaki zimelowana kwenye kijiko cha mchanga ni zaidi ya gramu kumi. Mara kumi kwa wiki, hesabu mwenyewe.

Osha chembe juu ya chujio kwa maji kidogo ya moto yaliyokenekwa, mara tatu, na kila mara acha yatone yaishe kabla ya kuongeza mengine. Mililita 20 mara tatu husafisha kuliko 60 mara moja. Suuzo la vilivyoelea na la vilivyozama yote yaende chupa moja yenye lebo, isipokuwa la sampuli yenye shaka ya kalsiti, ambalo huwekwa peke yake. Asetoni iliyokuwa ikitumika kuoshea bromofomu haina kazi hapa, iondoe mezani.

Kile kisichookoleka kisiende kwenye sinki. Mifereji mingi ya Kampala na Entebbe mwisho wake ni ziwa tunalonywa, na chumvi hizi zinadhuru viumbe wa majini. Kihifadhi kwenye dumu lenye lebo na ukabidhi kwa mwenye leseni ya taka hatarishi kutoka NEMA, mamlaka ya taifa ya mazingira.

Tatizo lisiloonekana kwa macho

Nimeliacha mwisho kwa sababu halina rangi wala ukungu. Chembe zinaonekana safi, kazi imekwenda vizuri, sampuli inapelekwa kupimwa kemia, na majibu yanarudi na tangsteni ya juu kupita kiasi. Hakuna aliyegundua mgodi. Ni chumvi iliyobaki kwenye nyufa za chembe.

Kwa madini mengi, suuzo la nne na la tano linatosha. Dalili utaiona kwenye hadubini: utando mweupe mwembamba kwenye mikunjo ya chembe maana yake bado. Unaweza pia kukausha tone la suuzo la mwisho kwenye kioo. Likiacha alama, rudia.

Lakini kwa sampuli za kusini-magharibi, za mishipa ya Nyamulilo au Kirwa ambako tangsteni yenyewe ndiyo inayotafutwa, hakuna suuzo litakaloniridhisha. Hapo tumia maji na karai, kisha sumaku ya umeme kwa hatua. Volframiti ina msongamano zaidi ya 7 na sumaku kali huivuta, kwa hiyo utaipata bila kimiminika chochote. Andika kwenye mfuko wa sampuli, kwa kalamu isiyofutika, tangu siku unapoupokea: ISIGUSE TANGSTETI. Anayefungua mfuko huo baada ya miezi sita huenda asiwe wewe.